Brauza nyepesi kwa mashine ya steshenari yenye RAM GB 2: ipi inafaa kweli?

Steshenari_Nansio

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya brauza.

Mashine ni Dell OptiPlex 780, prosesa Core 2 Duo E8400, RAM GB 2, hadidiski ya kuzunguka ya GB 160, Windows 7 ya biti 32. Ipo steshenari huku Nansio, Ukerewe. Intaneti ni hotispoti ya simu, bando linanunuliwa kwa siku.

Kazi zake: maombi ya Ajira Portal, maombi ya mkopo HESLB, usajili wa majina ya biashara BRELA, matokeo ya NECTA, barua pepe, na WhatsApp Web kwa ajili ya kupokea nyaraka za wateja za kuchapa. YouTube mara mojamoja.

Chrome imekwama toleo la 109 na haikubali kusasishwa. Vikifunguliwa vichupo vitatu, taa ya hadidiski inawaka bila kuzima, kipanya kinaganda, na wakati mwingine fomu ya mteja inapotea ikiwa imeshajazwa nusu. Nimekusanya majina ambayo watu wanayasifia: K-Meleon, Pale Moon, Slimjet, Midori, NetSurf, Dillo. Maswali yangu ni matatu. Ipi kati ya hizo itafungua portal za serikali bila kugoma? Ipi inaokoa bando? Na je, ni salama kuweka akaunti za wateja humo?

---

FundiMakoroboi

Mkuu, kabla ya kuchagua brauza pima kwanza. Fungua hivyo vichupo vitatu vinavyokusumbua, kisha ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha linaloonyesha kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza ya brauza) kinakula memori kiasi gani. Kwenye Firefox andika about:processes sehemu ya anwani, utapata kitu kilekile. Utakachokiona ni kwamba brauza yenyewe haili sana, zinazokula ni kurasa. Portal moja yenye menyu zinazocheza na ramani ndani yake inaweza kupita MB 300 peke yake. Windows na antivirus zimeshachukua sehemu yao ya zile GB 2, sasa weka portal mbili na WhatsApp Web juu yake. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia memori kwenye hadidiski. Kichwa cha hadidiski ya kuzunguka kinahitaji milisekunde kama kumi kufika kwenye kila kipande, na vipande ni maelfu. Taa yako haizimiki kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kubadilisha brauza peke yake ni kuhamisha mzigo uleule wa dagaa kutoka mtumbwi mmoja kwenda mwingine.

Sasa hayo majina. Slimjet ni Chromium iliyovalishwa nguo nyingine, sawa na Opera, Brave na Vivaldi. Injini, yaani sehemu inayosoma na kuchora kurasa, ni Blink ileile ya Chrome, hivyo portal itakula MB zilezile. Kinachoweza kupungua ni matangazo tu, kwa kuwa baadhi yake zina kizuizi ndani. Midori zamani ilikuwa nyepesi kweli, ya injini ya WebKit, lakini matoleo ya miaka ya karibuni yamejengwa juu ya Firefox. Sifa unazozisoma nyingi ni za ile Midori ya zamani.

Pale Moon na K-Meleon ni kundi lingine. Pale Moon ilianza mwaka 2009 ikiwa Firefox iliyorekebishwa, baadaye ikajitenga, na sasa inatumia injini yake iitwayo Goanna. K-Meleon 76 nayo imejengwa juu ya Goanna. Hizi zinapunguza memori kwa sababu vichupo vyote vinaendeshwa ndani ya prosesi moja (kazi moja inayoendeshwa na mashine), wakati Chrome na Firefox zinatenganisha tovuti kila moja na prosesi yake. Faida hiyo ina gharama mbili. Kichupo kimoja kikiganda, brauza nzima inaganda. Na ukuta unaozuia tovuti moja isichungulie memori ya nyingine haupo.

Gharama ya tatu ndiyo itakayokuumiza wewe hasa: portal za sasa zimeandikwa kwa JavaScript mpya, lugha inayoendesha vitufe na fomu. Injini ya zamani ikikutana na alama moja tu isiyoijua ndani ya faili, inatupa faili zima, haitekelezi hata mstari wa kwanza. Kwa macho ukurasa unaonekana mzima, maandishi yapo, nembo ipo, ila ukibonyeza kitufe cha kutuma hakuna kinachotokea. Mteja anadhani mtandao uko chini. Bonyeza F12 uangalie sehemu ya Console: ukiona SyntaxError kwa rangi nyekundu, basi tatizo ni injini, na hata ukisubiri saa nzima haitabadilika. Kuna watu watakushauri ubadilishe user agent (jina ambalo brauza inajitambulisha nalo) ili tovuti idhani unatumia Chrome. Hiyo inasaidia pale ambapo tovuti inakagua jina tu. Injini ikiwa haiwezi, jina jipya halitaiwezesha.

Dillo na NetSurf ndizo nyepesi za kweli. Dillo haina JavaScript kabisa na inatumia makumi ya MB tu. Ilikaa miaka bila toleo jipya, ikafufuliwa na 3.1.0 mwaka 2024. NetSurf ina injini yake yenyewe na inajua JavaScript kidogo sana. Kwenye portal hazifai. Lakini kurasa za matokeo ya NECTA ni jedwali la HTML tupu, namba ya mtahiniwa, jinsi, alama na daraja. Kwa kazi hiyo Dillo inafungua shule nzima kabla Chrome haijamaliza kuwaka. Siku matokeo yanapotoka na foleni imefika barabarani, utaipenda. Toleo la kawaida la Dillo ni la Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, hivyo ukibaki Windows tumia NetSurf.

---

Kirumba_PC

Naongezea kwa upande wa Windows 7, maana mashine za aina hii zimejaa huku Mwanza, Mlango Mmoja, na zinauzwa zikiwa hivyohivyo.

Chrome 109 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1, kuanzia 110, Februari 2023, hazikubali tena. Usihangaike kutafuta faili la kuilazimisha. Firefox ya mwisho kwa Windows 7 ni tawi la 115 ESR (ESR ni matoleo ya kutunzwa muda mrefu), na hilo Mozilla waliendelea kulipatia viraka vya usalama muda mrefu kuliko walivyoahidi mwanzo, kwa kusogeza tarehe mara kadhaa. Ukilitumia hakikisha ni 115.13 au zaidi. Chini ya hapo kuna cheti cha msingi kilichoisha muda tarehe 14 Machi 2025, na dalili yake ni kwamba viendelezi vyote vinazimika kwa mpigo, kizuizi cha matangazo kikiwemo. Wengi wanadhani ni virusi.

Ipo pia Supermium, ambayo ni Chromium mpya iliyorekebishwa ili ikubali Windows XP hadi 8.1. Inafungua portal na WhatsApp Web kwa sababu injini yake ni ya kisasa. Kwa mashine ambayo haiwezi kuondoka Windows 7, pengine kwa sababu ya skana ya zamani, hiyo ndiyo njia yenye unafuu. Ila si nyepesi. Inakula kama Chrome.

Popote utakapopakua, ingia tovuti ya mwenye programu. Zile tovuti za kupakua kila kitu zinafunga brauza pamoja na vitu vingine vitatu, na baada ya hapo ukurasa wako wa mwanzo unabadilika kila ukiwasha.

---

DadaIgoma

Naomba tulijibu swali la tatu vizuri, maana ndilo lenye uzito kuliko yote.

Windows 7 yenyewe iliacha kupewa viraka Januari 2020. Hata ukiweka brauza mpya juu yake, fonti, picha, printa na mtandao vinapitia kwenye Windows ileile yenye matundu. Kwenye steshenari unaingiza namba za NIDA, vyeti, namba za simu na nywila za watu ambao hawana namna ya kujua mashine yako ikoje. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mteja ametoka Bwisya au Irugwa na ameacha maisha yake yote kwenye kibodi yako. Kwa kusoma matokeo na habari, brauza yoyote sawa. Kwa chochote chenye nywila, namba ya malipo au cheti, tumia brauza kubwa iliyosasishwa kwenye mfumo unaosasishwa. Hapo mimi sioni nafasi ya kulegeza.

Kila mteja mfungulie dirisha la faragha: Ctrl+Shift+P kwenye Firefox, Ctrl+Shift+N kwenye Chrome. Akimaliza, funga madirisha yote ya faragha, siyo kichupo tu, kwa sababu kuki (kumbukumbu za tovuti kwamba mtu ameshaingia) zinafutwa pale dirisha la mwisho la faragha linapofungwa. Ukifungua la pili wakati la kwanza bado liko wazi, yote mawili yanashiriki akaunti, na mteja wa pili anaweza kujikuta ndani ya maombi ya mteja wa kwanza. Halafu nenda kwenye mipangilio uzime kabisa kuhifadhi nywila. Faili alizopakua mteja hazifutwi na dirisha la faragha, zinabaki kwenye folda ya Downloads. Hizo unazifuta kwa mkono.

Kuhusu fomu kupotea ikiwa nusu: mara nyingi si brauza. Ni skani. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa rangi kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) inatoa picha ya pikseli 4960 kwa 7016, karibu milioni 35. Kwenye faili inaweza kuonekana ni MB chache kwa sababu imebanwa, lakini brauza ikitaka kukuonyesha kionjo chake lazima iifumue, na ikifumuliwa ni baiti nne kwa kila pikseli, yaani karibu MB 140 kwa ukurasa mmoja. Mteja ana cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo. Hesabu mwenyewe. Kwenye RAM ya GB 2 kichupo lazima kife.

Skani kwa dpi 150 kijivu. Pikseli zinakuwa 1240 kwa 1754, ambazo ni karibu MB 9 zikifumuliwa, na maandishi bado yanasomeka na kuchapika. Kama muhuri una rangi na portal inataka uonekane, weka rangi lakini baki dpi 150 au 200. Hifadhi kama PDF kabla hujafungua portal, siyo ukiwa katikati ya fomu. Matumizi ya bando yatapungua, na portal haitakutoa kwa kuisha muda ukisubiri faili lipande.

---

Nyegezi64

Hoja ya dada hapo juu inaelekea kwenye Linux, basi niieleze kwa hatua.

E8400 ni prosesa ya biti 64, ila umewekewa Windows ya biti 32. Windows 11 isahau: kuanzia toleo la 24H2 inataka maelekezo ya prosesa yaitwayo SSE4.2 ambayo Core 2 Duo haina, haiwaki kabisa. Windows 10 itakubali, lakini kwa RAM GB 2 utateseka, na msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kabla ya yote, fedha ya kwanza iende kwenye RAM na SSD. Hiyo OptiPlex 780 inatumia DDR3 ya mezani, zile ndefu, siyo fupi za laptopu. Nunua mbili za GB 2 au mbili za GB 4 zinazofanana, uziweke kwenye jozi ya nafasi zenye rangi moja. Mwombe muuzaji akuwekee kwenye mashine iwake mbele yako. RAM mbovu haionekani kwa macho. SSD ya SATA ya GB 120 inatosha sana. Vitu hivi viwili vitakupa kasi ambayo hakuna brauza nyepesi duniani itakayokupa.

Kisha Debian, ambayo ni aina ya Linux, ya biti 64 yenye mazingira mepesi ya eneo-kazi ya LXQt au Xfce. Chukua faili la aina ya live, liandike kwenye flashi ya GB 4 au zaidi kwa programu ya Rufus, washa mashine ukibonyeza F12 na uchague USB. Itafunguka bila kugusa hadidiski. Hapo usikimbilie kusakinisha. Jaribu kwanza printa na skana, kwa sababu steshenari bila printa si steshenari. HP nyingi zinakubali kupitia HPLIP, programu ya HP ya kuendesha printa kwenye Linux, ingawa LaserJet ndogo kama P1102 zinataka plagini ya ziada inayopakuliwa kwa amri ya hp-plugin. Canon ndogo zinazotumia CAPT (lugha ya Canon yenyewe ya kuchapa), kama LBP2900, ni kazi ngumu kwenye Linux. Ikiwa unayo hiyo, amua hapo hapo: ama ubadilishe printa, ama ubakize mashine moja ya Windows isiyounganishwa na intaneti kwa kuchapa tu.

Ukisharidhika na kusakinisha:

sudo apt install firefox-esr dillo zram-tools

Zram inatenga sehemu ya RAM na kubana yaliyomo ndani yake, hivyo memori inapojaa inabanwa humohumo badala ya kupelekwa kwenye diski. Fungua /etc/default/zramswap, weka ALGO=lz4 na PERCENT=50, kisha sudo systemctl restart zramswap. Hizo ALGO ni njia za kubana: kwa prosesa ya zamani chagua lz4 kuliko zstd. Zstd inabana zaidi ila inamchosha Core 2. Hakikisha kwa amri ya sudo swapon --show, uone /dev/zram0 ipo.

Watu watakupendekezea Falkon kwa sababu ni nyepesi na inapatikana kwenye Debian. Inafunguka haraka, ni kweli, na portal nyingi inaziweza kwa sababu ndani yake kuna QtWebEngine, ambayo ni Chromium. Lakini Debian wenyewe wanatamka kwamba QtWebEngine haimo kwenye viraka vyao vya usalama. Wanaopata viraka ni Firefox ESR na Chromium. Kwa akaunti za wateja, Falkon weka pembeni.

Ndani ya Firefox andika about:config sehemu ya anwani, kubali onyo, na ubadilishe hivi:

dom.ipc.processCount.webIsolated iwe 1. Hii inazuia tovuti moja kufungua prosesi nyingi kwa ajili yake peke yake. Tovuti tofauti bado zitatenganishwa.

browser.sessionhistory.max_total_viewers iwe 1. Kawaida Firefox inahifadhi kurasa kadhaa zilizopita zikiwa nzima kwenye memori ili kitufe cha kurudi nyuma kiwe cha papo hapo. Usiweke 0, maana ukirudi hatua moja kwenye fomu utajikuta inapakuliwa upya.

browser.sessionstore.interval ni 15000, yaani kila sekunde 15 inaandika hali ya vichupo kwenye diski. Kama bado uko kwenye hadidiski ya kuzunguka, weka 60000. Kwa jinsi umeme unavyokatika usizidishe hapo, kwa sababu mashine ikizimika ghafla unapoteza kilichofanyika tangu uandishi wa mwisho.

Kuna mtu atakwambia uzime fission.autostart. Inaokoa memori kweli, lakini inaondoa ule ukuta kati ya tovuti na tovuti. Kwa kazi yako, hapana.

Kuanzia Firefox 140 ukibofya kichupo kwa kitufe cha kulia kuna Unload Tab: kichupo kinabaki juu lakini memori inaachiwa. Itumie kwa WhatsApp Web wakati huisubiri nyaraka. Usiitumie kwenye fomu ambayo hujaihifadhi.

---

FundiMakoroboi

Kwenye bando bado hatujajibu.

Sakinisha uBlock Origin kwenye Firefox. Chrome mpya haiikubali tena, imebaki ile ya Lite. Fungua mipangilio yake, weka alama kwenye kuzuia fonti za mbali na kuzuia vipengele vya media vinavyozidi KB 50. Hapo picha kubwa na video hazipakuliwi mpaka uzibofye. Portal ikionekana imevunjika, mfano alama za menyu zimegeuka visanduku vitupu, ni zile fonti. Bofya ikoni ya uBlock ukiwa kwenye tovuti hiyo na uruhusu fonti kwa hiyo peke yake.

Kosa linalofanyika kila steshenari: kufuta kache (nakala za faili za tovuti ambazo brauza imehifadhi) kila jioni kwa imani kwamba mashine itakuwa nyepesi. Kache ya diski haikai kwenye RAM. Ukiifuta, kesho asubuhi nembo, fonti na skripti za portal zilezile zinapakuliwa upya kwa bando lako. Iache. Dirisha la faragha nalo halitumii kache ya diski, hivyo linakula bando zaidi kidogo. Hiyo gharama ikubali, kwa sababu aliyoieleza dada.

YouTube: prosesa ya 2008 haina kifaa cha kufumua VP9 wala AV1, aina mpya za kubana video, inafanya yote kwa nguvu ya programu, ndiyo maana feni inapiga kelele na picha inakatika. Kwenye about:config weka media.mediasource.webm.enabled na media.av1.enabled ziwe false, YouTube itakupa H.264 ambayo ni rahisi zaidi kuifumua. Kisha chagua ubora wa 360p au 480p. Kwa hesabu ya bando, mtiririko wa kilobiti 700 kwa sekunde unakula MB 315 kwa saa. Wa kilobiti 2500 unapita GB 1.1. Weka pia media.autoplay.default iwe 5 ili hakuna video inayoanza yenyewe.

---

Steshenari_Nansio

Wabeja sana wakuu. Nimewasha Debian kwa flashi, printa imekubali, skana pia. Tatizo jipya: asubuhi nikiwasha, kila tovuti inasema si salama, na chini kuna maandishi MOZILLA_PKIX_ERROR_NOT_YET_VALID_CERTIFICATE. Kwenye Windows, Chrome nayo inasema NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Mchana inatulia baada ya kurekebisha saa. Nibonyeze tu kuendelea?

---

Kirumba_PC

Usibonyeze kuendelea. Hilo ni betri ya ubao mama. Mashine ikizimwa kabisa saa inarudi nyuma miaka, brauza inaona cheti cha tovuti kimetolewa "baadaye", inakataa.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Fungua kifuniko, tafuta betri ya duara aina ya CR2032. Ukiwa na mita, mpya inasoma volti 3 na ushee. Hiyo yako itakuwa imeshuka mbali. Sukuma kishikizo cha pembeni, itaruka yenyewe, usiichokonoe na bisibisi ya chuma. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Washa, bonyeza F2 kuingia BIOS (mipangilio ya ubao mama), weka tarehe na saa. Ukiwa humo angalia SATA Operation (namna ubao unavyowasiliana na diski) iko kwenye AHCI kama utasakinisha Debian peke yake, lakini ukibaki na Windows 7 usiiguse: Windows iliyosakinishwa kwa mpangilio mwingine haitawaka.

Kwenye Debian malizia kwa amri hizi mbili, za kuweka majira ya hapa na kuifanya saa ijirekebishe kwa mtandao:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

sudo timedatectl set-ntp true

---

DadaIgoma

Na ukisakinisha, Dillo iweke kwenye eneo-kazi kwa jina la "Matokeo", na Firefox kwa jina la "Maombi". Kijana anayekusaidia dukani hatachanganya ipi ni ya nywila na ipi si ya nywila.

---

Steshenari_Nansio

Nimeelewa. Betri naagiza kesho na meli ya asubuhi kutoka Mwanza, pamoja na RAM mbili za GB 2. SSD itafuata mwezi ujao. Nitabaki na hadidiski ya zamani kwa sasa, je, zram bado iwe asilimia 50 RAM ikifika GB 4?

---

Nyegezi64

Ndiyo, 50 inatosha. Itakupa eneo la GB 2 la kubania.